Samaki wala mwani ndani ya tangi la sikilidi: nani anafaa, nani atauawa, na kwa nini kioo bado ni cha kijani

Kioo kimeota ukijani, mawe yamevaa manyoya ya kahawia, na muuza samaki anakuonyesha beseni la pembeni: chukua huyu, atakusafishia. Anayeuzwa hapo mara nyingi ni pleko, samaki wa mdomo wa kunyonya, wa sentimita 5, kajibandika kwenye kioo kwa mdomo kama muhuri. Kwenye tangi la gapi na moli, samaki wadogo wapole, ushauri huo hauleti balaa miezi ya mwanzo. Kwenye tangi la sikilidi, ndugu wa sato na perege, unaweza kukuletea maiti kesho asubuhi, au baada ya miaka michache samaki wa sentimita 40 anayeshindwa hata kugeuka.

Swali la "nimweke samaki gani ale mwani" limebeba maswali matatu. Maji anayoyataka yeye na wanayoyataka sikilidi yanaafikiana? Akishambuliwa atajikinga na nini? Na huo mwani wenyewe, ni wa aina anayoila? Wengi hujibu la tatu tu, tena kwa kubahatisha.

Wala mwani unao tayari

Sikilidi ni ukoo wa sato, perege na furu. Wale wa rangi kali wanaouzwa kwa ajili ya matangi duniani kote, wengi asili yao ni maziwa yetu: mbuna wa miamba ya Ziwa Nyasa, na Tropheus na wenzake wa Ziwa Tanganyika. Na hapa ndipo jambo la kwanza linapopotea: sehemu kubwa ya samaki hawa ni wala mwani kwa kuzaliwa. Miamba ya maziwa hayo imefunikwa na zulia laini la mwani lenye wadudu wadogo ndani yake, na karibu kila aina ina namna yake ya kulivuna.

Mtazame Labeotropheus fuelleborni akila. Mdomo wake uko chini ya pua, mpana na ulionyooka kama ukingo wa patasi, kwa hiyo hana haja ya kusimama wima kama mbuna wengine. Hulala karibu sambamba na jiwe, pua nene ikiegemea mwamba kama egemeo la wenzo, kisha hubana na kung'oa. Jina lake linatokana na Friedrich Fülleborn, daktari wa Kijerumani aliyekusanya samaki Ziwa Nyasa enzi za ukoloni. Petrochromis wa Tanganyika wana midomo iliyojaa meno membamba, na huchana zulia lile wakichukua vumbi la mwani lililolegea. Tropheus hukata nyuzi zenyewe.

Kwa hiyo mwenye tangi la mbuna 15 anayetafuta mla mwani ni kama mtu mwenye mbuzi 15 uwanjani anayetafuta wa 16 apunguze nyasi. Cha kujiuliza kwanza ni kwa nini hao 15 hawali. Jibu la kawaida ni kwamba wameshiba. Chakula cha punje kinamwagwa mara tatu kwa siku, kingine kinazama katikati ya mawe na kuoza, kinachooza kinakuwa mbolea, na mbolea inaotesha mwani ambao samaki walioshiba hawana sababu ya kuugusa.

Punguza. Lisha mara mbili kwa siku, kila mara kiasi kinachoisha ndani ya dakika moja, na siku moja kwa wiki usilishe kabisa. Chakula kiwe cha mimea, chenye spirulina (unga wa kijani wa viumbe wadogo wa majini) ikiwezekana. Utumbo wa mbuna mla mwani ni mrefu, umeumbwa kumeng'enya majani polepole. Ukimpa minyoo na nyama kila siku unamkaribishia ugonjwa wa tumbo kuvimba: anaanza kutema chakula, kinyesi kinakuwa uzi mweupe, anahema haraka, tumbo linajaa, na akishafika hapo wengi hawaponi. Tropheus ndio wepesi zaidi kuupata. Ndani ya wiki tatu au nne za kulisha kwa kiasi, utaona mistari ya meno kwenye mawe.

Si mbuna wote, lakini. Labidochromis wa njano, anayependwa kuliko wote, zaidi hudonoa wadudu waliojificha kwenye zulia. Ukijaza tangi kwa huyo peke yake usitarajie mawe yaliyokwanguliwa. Na hakuna mbuna atakayekuondolea vidoa vigumu vya kijani kwenye kioo. Hivyo vinatoka kwa wembe, kama tangi ni la kioo kweli. Tangi la plastiki ngumu litakwaruzika.

Mwani haupotei kwa kuliwa tu

Samaki anayekula mwani hauondoi kwenye tangi. Anaupitisha tumboni na kuurudisha majini ukiwa kinyesi na amonia, bakteria wanaigeuza kuwa nitriti, kisha nitreti, na nitreti inalisha mwani mwingine. Kinachoutoa nje kweli ni ndoo yako. Badilisha asilimia 30 hadi 50 ya maji kila wiki, ukifyonza uchafu mchangani kwa bomba, na upime nitreti kwa kipimo cha matone. Ikibaki chini ya miligramu 20 hadi 30 kwa lita, mla mwani anakuwa na kazi anayoiweza. Ikikaa 80, hata ukiweka kundi zima hutaona tofauti.

Taa iwake saa 6 hadi 8 kwa siku, kwa swichi ya saa, maana mkono wa binadamu husahau. Tangi lililo mkabala na dirisha linalopigwa na jua la asubuhi halitashinda mwani hata ufanyeje. Lihamishe, au funika upande huo.

Kisha tambua adui. Vumbi la kahawia linalofutika kwa kidole, kwenye tangi lenye umri wa chini ya miezi miwili, ni diatomu, aina ya mwani wa seli moja. Hupungua lenyewe tangi likikomaa, na pleko mdogo hulila vizuri. Nyuzi laini za kijani kwenye mawe ni chakula cha mbuna. Vishungi vyeusi vigumu kama brashi, hasa kwenye mdomo wa chujio, vinaliwa na samaki wachache sana. Utando wa kijani kilichoelekea bluu, unaoteleza, unaobanduka kama ngozi na kunuka udongo mbichi, si mwani. Ni bakteria, na samaki wengi wa matangi hawaugusi: ufyonze wote kwa bomba, ongeza mzunguko wa maji sehemu hiyo, funika tangi lisipate mwanga siku tatu au nne, kisha badilisha nusu ya maji. Na kama maji yenyewe yamekuwa kijani kama supu ya mchicha, hao ni mwani wa seli mojamoja wanaoelea. Pleko hana namna ya kuwashika.

Wanaopendekezwa, mmoja mmoja

Pleko wa madevu, yaani Ancistrus, ndiye chaguo linalofaa kwa mbuna, na sababu ni za mwili wake. Anaishia sentimita 12 hadi 15. Ubavu wake umefunikwa na vipande vya mfupa, kwa hiyo mbuna akimdonoa anaumia meno yeye. Hutoka usiku wakati wababe wamelala, na mchana hujichimbia kwenye pango. Sehemu zake laini ni macho, tumbo na mapezi, na akikosa pango huko ndiko atakakodonolewa. Dume huota madevu yenye matawi puani. Madume wawili kwenye tangi la lita 200 watagombana, hivyo weka mmoja, au dume na majike wawili.

Pleko wa kawaida, yule wa beseni la dukani, hufika sentimita 40 na zaidi. Ukubwani hamu yake ya mwani hupungua sana, ila kinyesi kinaongezeka, na mkia wake unapindua mawe. Ana nafasi yake: tangi la lita 500 na kuendelea, pamoja na sikilidi wakubwa wa Amerika kama Oska. Chini ya hapo ni deni unalojiwekea.

Yule anayeitwa mla mwani wa Kichina, Gyrinocheilus aymonieri, ingawa kwao ni mito ya Thailand na nchi jirani, ndiye anayedanganya kuliko wote. Mdogo wake ni mchapakazi. Akipita sentimita 10 anaanza kuchoka na mwani na kugundua kwamba ute wa ubavuni mwa samaki una ladha. Hujibandika kwenye samaki mpana na kumkwangua, na kidonda kile kinaingia vijidudu. Hufika sentimita 25. Kwa maoni yetu hafai tangi lolote la nyumbani lenye sikilidi, na mbuna wakali hawamtulizi. Wanamfanya mkali zaidi.

Crossocheilus, mla mwani wa Siam, ndiye mmoja wa wachache wanaokula vile vishungi vyeusi. Mtambue kwa mstari mweusi unaokwenda hadi ncha ya mkia, kingo zake zikiwa kama zimekwanguliwa, na mapezi yasiyo na rangi. Anayefanana naye, mwenye mstari wa dhahabu juu ya ule mweusi na mapezi ya rangi, ni samaki mwingine, mgomvi na mvivu. Crossocheilus ana mbio, na mbio ndiyo kinga yake pekee. Kwenye tangi refu, sentimita 120 na zaidi, huweza kuishi na sikilidi wapole. Mfuniko usiwe na upenyo, maana akikimbizwa huruka.

Otocinclus usimweke. Ana sentimita 4, anataka maji laini (yenye madini machache), na kwa mbuna ni kitafunwa. Ubaya zaidi, mapezi yake yana miiba, na sikilidi anayemmeza anaweza kukwamwa kooni. Wanakufa wote wawili. Mahali pake ni tangi la mimea lenye sikilidi vibete wa maji laini.

Halafu kuna gogogo. Synodontis wa Tanganyika, hasa yule wa madoadoa multipunctatus, huuzwa sana kwa wafuga sikilidi kama "msafishaji". Ni samaki mzuri na anayapenda maji hayohayo, ila hali mwani. Anakula mabaki, konokono na mayai. Huyu multipunctatus ana tabia ya kupenyeza mayai yake kati ya mayai ya sikilidi anayeatamia mdomoni, kisha vifaranga vyake vinawala vya mwenye nyumba wakiwa humohumo mdomoni. Mnunue kwa sababu unampenda.

Maji: hapa ndipo hesabu inapokataa

Pleko karibu wote asili yao ni Amerika ya Kusini, wengi kwenye maji laini yaliyoelekea uasidi. Maziwa yetu ni kinyume. Tanganyika ina pH (kipimo cha uasidi, ambapo 7 ni katikati na juu yake si asidi) inayokaribia 9, na maji magumu. Nyasa ina pH kati ya 7.7 na 8.6, lakini ugumu wake ni mdogo kuliko watu wanavyodhani, digrii 4 hadi 6 tu. Hii ni habari njema: tangi la mbuna ukilishikilia kwenye pH 7.8 hadi 8.2, mbuna hawana lalamiko, na Ancistrus aliyezalishwa kwenye matangi anavumilia. Kwa Tropheus na Petrochromis kwenye pH 8.8, usimlazimishe. Waache wenyewe wafanye kazi.

Ukihitaji kuinua uwezo wa maji kushikilia pH, gramu 5 za magadi ya kuokea, yaani baikaboneti ya sodiamu, kwa lita 100 huongeza ugumu wa kaboneti kwa karibu digrii 1.7. Koroga kwenye maji mapya kabla ya kuyamimina, na usipandishe zaidi ya hapo kwa siku moja. Wenye maji ya kisima pwani wapime kwanza, maana mengi ni magumu tayari na mengine yana chumvi. Maji ya bomba yana klorini: tumia dawa ya kuitoa, au yaache kwenye ndoo wazi saa 24 huku pampu ya hewa ikipuliza, mradi mamlaka ya maji haitumii kloramini, ambayo haiondoki kwa kuachwa.

Sasa amonia. Ina sura mbili majini, moja isiyodhuru sana na nyingine sumu, na pH ndiyo inayoamua zitagawanaje. Kwa nyuzi 25, kwenye pH 7 chini ya asilimia 1 ndiyo sumu. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 5, kwenye 8.5 karibu 15, kwenye 9 zaidi ya theluthi. Ndiyo maana pleko aliyekufa nyuma ya mawe, ambaye kwenye tangi la gapi angeoza bila mtu kujua, kwenye tangi la Tanganyika anaweza kuua wengine ndani ya siku mbili. Kama hujamwona siku tatu, inua mawe umtafute.

Kumwingiza bila kumwua

Mweke pleko kabla ya sikilidi kama unaanza upya. Akishajua mapango yake, wao ndio wageni. Kama tangi tayari lina wenyewe, fuata utaratibu huu, na usikatishe hatua kwa sababu samaki "anaonekana mzima".

Mtenge kwanza wiki tatu hadi nne kwenye tangi la pembeni lenye chujio, ukimlisha vizuri. Anunuliwe akiwa na sentimita 7 au zaidi, maana wa sentimita 3 humezwa au kufa njaa. Wakati huo tayarisha mapango: vipande vya bomba la plastiki la inchi 1.5 au 2, urefu wa sentimita 12 hadi 15, upande mmoja umezibwa. Tundu liwe la kumtosha kwa kubana, ili aingie kichwa mbele na kuziba mlango kwa ubavu wake wa mfupa. Pango pana ambalo mbuna naye anaingia si kinga. Mapango yazidi idadi ya pleko kwa mawili. Ongeza gogo, kwani hupenda kulikwangua, ila lile linalotoa rangi ya chai kwa wingi litakushushia pH. Mawe makubwa yakae juu ya sakafu ya tangi kabla ya mchanga kumwagwa, siyo juu ya mchanga. Mbuna huchimba, na jiwe la kilo 8 likidondoka litavunja kioo au kumbana pleko pangoni.

Siku ya kumhamisha, pima pH ya pande zote mbili. Tofauti ikizidi 0.3, mweke kwenye ndoo na maji yake, kisha yatiririshe maji ya tangi kwa mrija wa hewa uliofungwa fundo, matone mawili hadi matatu kwa sekunde, kwa saa moja na nusu. Hamisha baadhi ya mawe ili mipaka ya mbuna ivurugike na kila mmoja awe na shughuli ya kutafuta upya kwake. Zima taa. Mpeleke gizani, moja kwa moja mdomoni mwa pango.

Chakula chake kiingie nusu saa baada ya taa kuzimwa: kipande cha tango chenye unene wa sentimita 1 kilichochomekwa uma wa chuma cha pua ili kizame, au mchicha uliochemshwa dakika mbili. Kitoe asubuhi. Vidonge vya mwani navyo vinafaa, lakini soma kopo, kwani vingi vimechanganywa na unga wa samaki, na ukiviweka taa ikiwaka mbuna watavimaliza na kuvimbiwa wao. Wengi hufikiri pleko kwenye tangi lenye ukijani hahitaji kulishwa. Tangi safi halimtoshi, na hapo ndipo kinaanza kifo cha polepole. Mwangalie akiwa kioo cha mbele: tumbo likiwa limebonyea na macho yamezama, ana njaa ya wiki kadhaa. Mtenge na umlishe kila usiku mpaka tumbo linyooke.

Dawa zenye shaba ukizitumia kwa ugonjwa wa sikilidi, mtoe pleko kwanza, na konokono wote.

Umeme ukikatika usiku, tangi lenye mwani mwingi liko hatarini zaidi, kwa kuwa gizani mwani nao unatumia oksijeni badala ya kuitoa. Maji ya nyuzi 30 hushika kama miligramu 7.5 tu za oksijeni kwa lita, nayo ya nyuzi 25 kama 8.3. Pampu ndogo ya hewa ya betri iwe karibu. Na chujio la kopo lililofungwa likikaa bila umeme saa kadhaa, lifungue na usuuze sponji kwenye maji ya tangi kabla ya kuliwasha, la sivyo litamwaga uozo wote ndani.

Konokono, na onyo moja

Konokono wa nerite ni wakwanguaji hodari wa vile vidoa vigumu ambavyo samaki hawaviwezi, na mayai yao hayaleti vifaranga vinavyokua kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kwa hiyo hawajai. Wanapenda maji magumu. Mbuna watawadonoa, ila gamba ni gumu. Wanaokufa ni wale wanaopinduliwa na kubaki chali. Ukimwona amepinduka, mgeuze. Wale warefu kama skrubu, Melanoides, hujifukia mchangani mchana na kutoka usiku, ndiyo maana wanasalimika.

Wanunue, au uwapate kwenye tangi la mwenzako. Usiwaokote mtoni, bwawani wala ufukweni mwa ziwa. Konokono wa maji baridi wa jamii za Biomphalaria na Bulinus ndio wanaobeba vimelea vya kichocho, na konokono mmoja aliyeambukizwa anaweza kumwaga vimelea kwenye maji ambayo mkono wako utaingia kila wiki. Tangi la sebuleni likawa kama kidimbwi cha mpunga.

Pleko akikuzidi ukubwa, mrudishe dukani au mpe mwenye tangi kubwa, na akifa mfukie. Usimwachie mtoni wala ziwani, hata kama unaona unamfanyia hisani. Yanayomlinda kwenye tangi lako, yaani magamba ya mfupa, miiba na pango la kuziba, ndiyo yatakayomlinda huko pia, na atazaliana mahali ambapo furu na ningu hawajawahi kushindana na kiumbe wa namna hiyo.